Bei ya injini: mbio za magari tangu Safari ya 1953 hadi barabara za katani Tanga

Mwishoni mwa Mei 1953, siku chache kabla Malkia Elizabeth wa Pili hajavishwa taji kule London, magari ya kawaida kabisa yaliingia barabarani kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mbio hizo ziliitwa Coronation Safari. Leo watu wanazikumbuka kwa tope, vumbi na twiga wanaokatiza njia. Mimi nataka tuangalie kitu ambacho hakipigwi picha: karatasi ya kanuni. Waandaaji hawakugawa magari kwa ukubwa wa injini, kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya. Waliyagawa kwa bei ya dukani. Gari lako linauzwa kiasi gani hapa Afrika Mashariki? Basi utashindana na yanayouzwa kiasi hicho hicho. Na lilitakiwa liwe karibu sana na lilivyotoka dukani, si la kuchongwa upya gereji.

Unaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini ukiuliza leo kwa nini kijana fundi wa Tanga, anayeweza kushusha injini na kuirudisha kabla ya adhuhuri, hashiriki mbio za magari, jibu karibu lote limo ndani ya kanuni za aina hiyo. Ufundi anao, moyo anao, ila injini imemshinda bei. Na bei ya injini ya mbio haitoki mbinguni. Inatengenezwa na mtu aliyekaa mezani akaandika kanuni.

Turudi kidogo nyuma. Wazo la Safari lilitoka kwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent. Kulikuwa na uwanja wa mbio wa Langa Langa kule Bonde la Ufa, na Vincent hakuona raha ya kuzunguka duara lile lile kama punda wa kinu cha mafuta. Alitaka waende mbali, wazunguke Ziwa Viktoria. Njia ndefu na mbovu namna hiyo ilikuwa na faida moja ambayo sidhani kama waliikusudia: ilipunguza thamani ya injini kali. Kwenye lami nyororo, mwenye nguvu nyingi anashinda. Kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua ya masika, nguvu za ziada zinazungusha matairi tu, na kinachoamua ni kama gari litafika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena.

Kwa hiyo tazama nani alishinda. Mwaka 1954 ilikuwa Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe. Ikashinda tena 1957, na tena 1962. Mwaka 1956 Cecil mwenyewe alishinda na Tony Vickers kwa DKW yenye injini ya sentimita za ujazo 896, silinda tatu, tusitroku. Fundi wa pikipiki za zamani anaijua raha ya tusitroku: haina valvu, haina kemushafti. Katika injini ya DKW vitu vikubwa vinavyotembea ni saba tu, yaani pistoni tatu, konrodi tatu na krenkshafti moja. Kisichokuwepo hakiharibiki, na hakinunuliwi.

Sasa kidogo tuingie kwenye fizikia, maana bila hiyo habari ya gharama inabaki kuwa malalamiko tu.

Nguvu ya injini ni matokeo ya mambo mawili: kila mlipuko unasukuma kwa kiasi gani, na milipuko ni mingapi kwa dakika. Ukimwambia mhandisi, "ujazo wako mwisho lita mbili," umemfungia mlango mmoja na kumwachia miwili. Atazungusha injini haraka zaidi, au ataingiza hewa nyingi kwa lazima, kwa tabo au supachaja. Njia zote mbili zinakula pesa, na ile ya kwanza inakula kwa namna ambayo watu wengi hawaitegemei.

Pistoni haiendi mduara. Inapanda, inasimama, inashuka, inasimama. Kila inaposimama juu na kugeuka, konrodi inavutwa kama kamba ya mtu anayezungusha jiwe. Mvuto huo haukui sambamba na mizunguko, unakua kwa mraba wake. Ukiongeza mizunguko mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Chukua Volkswagen ya 1953: ujazo wa sentimita 1,131, pistoni inatembea milimita 64, nguvu za farasi 25 kwenye mizunguko 3,300 kwa dakika. Mwendo wa wastani wa pistoni yake ni kama mita 7 kwa sekunde. Sasa chukua injini ya Mitsubishi Lancer Evolution zile zilizotamba kwenye rali zetu kwa miaka mingi, ile 4G63 ya lita mbili. Pistoni inatembea milimita 88. Ukiipeleka mizunguko 7,000, mwendo wa wastani unavuka mita 20 kwa sekunde, na mvuto kwa kila gramu ya pistoni ni takriban mara sita ya ule wa Volkswagen. Hapo konrodi ya kawaida inakata, inatoboa bloku, na mafuta yanamwagika kwenye vumbi la Muheza. Ili isikate unahitaji chuma bora, pistoni nyepesi za kufuliwa, beringi za daraja jingine na fundi mwenye mashine ya kusawazisha. Kila nguvu ya farasi unayoongeza ni ghali kuliko iliyotangulia. Hii ndiyo sababu mchezo unaogawa madaraja kwa ujazo peke yake huishia mikononi mwa wenye pesa. Umeweka kikomo kwenye kitu rahisi kupima ukaacha wazi kitu kinachouma mfukoni.

Kwa pembeni tu: Tanga ni mahali pazuri pa kuonea kwamba injini inakula hewa kabla ya kula petroli. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Ukipanda ile barabara ya kona kona, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia kumi, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kiasi hicho hicho. Ile Volkswagen ya farasi 25 ikifika Lushoto imebaki na 21 au 22. Dereva wa Nairobi, mji ulio juu zaidi ya mita 1,600, anaposhuka hadi Tanga mjini anahisi gari lake limepewa dawa. Hakuna aliyeligusa.

Tuendelee na historia. Miaka ya sitini Afrika Mashariki ilikuwa na tabaka la madereva ambao walikuwa pia mafundi, na hapo ndipo mchezo ulipokuwa karibu zaidi na mtu wa kawaida, ingawa lazima tuwe wakweli: mwaka 1953 Mwafrika mwenye uwezo wa kununua gari la bei yoyote alikuwa wa kuhesabika. Madaraja ya bei yaliwapunguzia mzigo walowezi wa kipato cha kati na Waasia wenye gereji na maduka. Kwa manamba wa mashamba ya katani ya Tanga, gari "rahisi" na gari "ghali" yote yalikuwa mambo ya nyumba ya bwana shamba.

Ndani ya tabaka hilo kulikuwa na watu wa kuvutia. Bert Shankland, Mskoti aliyehamia Dar es Salaam, alifanya kazi Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot. Yeye na Chris Rothwell walishinda Safari mfululizo, 1966 na 1967, wakiendesha Peugeot 404. Pijo! Gari lile lile lililokuwa teksi, lililobeba maiti, maharusi na magunia. Mitambo yake ilijulikana na kila fundi pwani nzima, na spea ilipatikana hata mji mdogo. Nick Nowicki na Paddy Cliff walikuwa wameshinda na 404 mwaka 1963, wakarudia 1968. Ushindi mara nne kwa gari moja ndani ya miaka sita.

Halafu kuna Joginder Singh. Alizaliwa Kericho 1932, akakulia kwenye spana, akawa fundi wa barabarani wa chama cha magari kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa gari la mtumba, limeshatumika na timu ya kiwanda, wakalinunua na kulitengeneza wenyewe. Mbele ya timu zilizokuja na mafundi wao, mtumba ukashinda. Ukitaka mfano mmoja wa jinsi gharama inavyoshushwa na maarifa, sijaona mzuri kuliko huo. Injini ikishavumilia mbio moja imeshakuonyesha udhaifu wake uko wapi, na fundi anayejua kusoma alama za uchakavu ananunua maarifa hayo pamoja na chuma.

Lakini sifa ilileta wageni, na wageni walileta pesa. Kadiri Safari ilivyoingia kwenye kalenda ya kimataifa ndivyo kanuni zilivyolazimika kufuata za kimataifa, na madaraja ya bei yakaachwa nyuma, ujazo ukachukua nafasi. Mwaka 1973 yalipoanzishwa mashindano ya dunia ya rali, Safari ilikuwa ndani tangu mwanzo. Viwanda vikaanza kuleta magari yaliyoandaliwa mahsusi, makontena ya spea, magari ya huduma, baadaye hata helikopta. Na kuanzia 1974 jina la Afrika Mashariki likaondolewa, ikabaki Safari Rally, mbio za Kenya. Tanzania ikatoka kwenye ramani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Kwa Tanga hilo lilikuwa pigo la pekee, maana Horohoro ni pua na mdomo, na Mombasa ilikuwa jirani wa kununulia kila kitu. Waliokuwepo wanakumbuka miaka ile: petroli ya foleni, marufuku ya kuendesha gari binafsi Jumapili mchana, betri inayotunzwa kama mtoto. Katika hali hiyo kuzungumzia mbio za magari kungekuwa utani.

Hata hivyo mwaka huo wa 1974 ulikuwa na jambo moja tamu. Joginder alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer ya sentimita 1,600, gari dogo la familia, na nyuma yake nafasi ya pili akiwa Björn Waldegård na Porsche 911. Akashinda tena na Lancer 1976. Ndiyo, Lancer hiyo ndiyo nyanya yake Evolution iliyokuja 1992. Yaani gari ambalo leo ni alama ya gharama kubwa lilijitambulisha kwetu kama gari la bei nafuu.

Na kuna kisa kingine ambacho nakipenda zaidi, kwa sababu kinahusu injini ndogo kuliko zote. Mwaka 1993 Subaru ilileta Safari vigari vya Vivio. Japani ina daraja la magari madogo yenye ujazo usiozidi sentimita 660, yanayotozwa kodi ndogo, na Vivio ni mojawapo: sentimita 658, silinda nne, supachaja. Ujazo wote huo unaingia ndani ya chupa ya soda ya lita moja na nafasi inabaki. Mmoja wa madereva alikuwa Colin McRae, aliyekwenda kasi ya kushangaza kisha kigari kikamfia. Mwingine alikuwa Mkenya Patrick Njiru. Njiru alifika. Alimaliza wa 12 kwa jumla na akashinda daraja lake, na mwaka uliofuata akamaliza wa 4 kwa Impreza. Watu walicheka walipokiona kile kigari kikianza. Sina hakika walicheka kilipofika.

Tukiacha bara letu kwa muda, Wamarekani wamepambana na swali hili hili tangu 1933, vilipoanza kupendwa vigari vya mbio wanavyoviita midget: mtu mmoja, magurudumu manne nje, kiwanja cha duara cha udongo. Mwanzoni watu walifunga chochote, hata mashine za boti. Muda si mrefu ikaja Offenhauser, injini ya mbio hasa, kama lita 1.6, ikawa inashinda karibu kila mahali. Ikawa pia ghali kuliko gari la familia. Jibu la mafundi wa kawaida lilikuwa injini ndogo ya Ford V8, ile ya farasi 60 iliyotoka 1937, iliyojaa kwenye magari yaliyokufa. Na baadhi ya vyama vikaamua wazi: Offenhauser hapa hapana. Miaka ya sabini injini iliyoingia kwa nguvu kwenye midget ilikuwa, amini usiamini, ya Volkswagen, ndugu wa ile iliyoshinda Safari ya 1954. Nayo ilipokwisha kuchongwa na kupanuliwa ikawa ghali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakajaribu dawa nyingine: daraja la midget zenye injini moja ya Ford Focus, imefungwa kwa lakiri ili mtu asiifungue. Ona mzunguko wenyewe. Injini ya mtaani inaingia kwa sababu ni rahisi. Wanaishindania, wanaiboresha, inakuwa injini ya mbio, inapanda bei, inatafutwa nyingine ya mtaani.

Wakubwa wa mchezo, shirikisho la kimataifa FIA, walichagua njia tofauti kwa magari ya tabo: kuibana injini koo. Kanuni inasema hewa yote ipite kwenye tundu la kipimo fulani kabla ya kuingia kwenye tabo. Kwa magari ya juu ya rali ilikuwa milimita 34. Hii ni fizikia nzuri sana, na unaweza kuifanyia hesabu nyuma ya daftari.

Hewa inapovutwa kwenye tundu jembamba inaongeza kasi. Lakini haiwezi kupita sehemu nyembamba zaidi kwa kasi inayozidi ya sauti. Ikifika hapo, hata ukivuta kwa nguvu gani, haipiti zaidi. Tundu la milimita 34 lina eneo la sentimita za mraba 9 hivi. Pale Tanga, usawa wa bahari, joto nyuzi 30, hewa inayoweza kupita ni takriban gramu 213 kwa sekunde, na si zaidi. Gramu moja ya petroli inataka kama gramu 12.5 za hewa kwenye injini ya mbio, kwa hiyo unachoma gramu 17 za petroli kwa sekunde. Kila gramu ina nishati ya kilojuli 43. Hiyo ni kama kilowati 730, ila injini inageuza karibu theluthi moja tu kuwa kazi, nyingine inakwenda na moshi na rejeta. Unabaki na nguvu za farasi 300 na kidogo. Haijalishi umetumia shilingi ngapi kwenye injini, ukuta uko hapo. Hata hamu ya kuzungusha kwa kasi inakufa, maana mizunguko ya ziada haileti hewa ya ziada, na injini isiyozungushwa sana inaishi sana.

Tatizo la koo ni kwamba linahitaji polisi. Mwaka 1995, kwenye rali ya Catalunya, timu ya Toyota ilikutwa na kizuizi kilichotengenezwa kwa ustadi wa ajabu: kikiwa kimefungwa kwenye gari kilisogea na kuacha hewa ipite pembeni, na ukikifungua kukikagua kinarudi mahali pake kama hakijui lolote. Waliondolewa kwenye mashindano na kufungiwa msimu uliofuata. Kama wakaguzi wa dunia nzima walihangaika kukipata, fikiria chama kidogo cha wapenzi wa magari chenye wakaguzi wawili wa kujitolea na vernia moja.

Sasa Tanga ya leo. Mashindano ya taifa ya rali yamekuwa yakifika huku, na kwa kweli mkoa umeumbwa kwa kazi hii: barabara za mashamba ya katani zimenyooka, zina upana, hazina msongamano, na ukitoka hapo una milima ya Usambara na ufukwe wa Pangani. Kwa miaka mingi waliotawala ni Evolution na Subaru Impreza, za daraja la magari yanayotoka kiwandani kwa wingi. Kanuni ya daraja hilo ilikuwa na nia njema, ile ile ya 1953: kiwanda kitengeneze maelfu ya gari hilo na kuliuza kwa umma. Viwanda vikajibu kwa kutengeneza gari la mbio na kuliuza kwa umma. Si uvunjaji wa kanuni, ila lengo limekwisha kukimbia.

Halafu gari hilo linapita bandarini. Kodi zetu kwa magari zimegawanywa kwa ujazo: kwa muda mrefu ushuru wa bidhaa umekuwa sifuri hadi sentimita 1,000, asilimia 5 hadi 2,000, asilimia 10 kuendelea. Gari likizidi miaka kumi kuna asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uzee. Evolution hazitengenezwi tena, kwa hiyo kila inayoingia ni mzee. Fanya hesabu kwa gari la thamani ya 100 hadi bandarini: ushuru wa forodha asilimia 25 unakufikisha 125, asilimia 5 na 30 za hiyo zinakufikisha karibu 169, VAT asilimia 18 inakufikisha 199. Maradufu, kabla hujafunga hata mkanda. Na injini ikikata konrodi unarudi Gerezani au Ilala kutafuta nyingine ya mtumba, ukiomba Mungu iwe haijachoshwa kuliko ile uliyoitupa.

Inafurahisha kwamba FIA wenyewe, baada ya kuzunguka kote huko, wamerudi kwenye wazo la 1953. Daraja la R5 lililoanza 2013 liliwekewa kikomo cha bei, kama euro 180,000 kwa gari. Rally3 lililofuata, lenye injini ndogo, lilipangiwa euro 100,000. Ni kwa Ford Fiesta ya daraja hilo Mkenya Maxine Wahome alishinda kundi la WRC3 kwenye Safari ya 2022. Bei imerudi kuwa kanuni. Lakini euro 100,000 ni nafuu kwa nani? Kwa mtu wa Pongwe mwenye gereji ya chini ya mwembe hiyo si nafuu, ni hadithi.

Kwa mawazo yangu, kama tunataka mbio za ngazi ya chini hapa pwani, tuanze na injini inayolala nje ya kila nyumba. Toyota Vitz na IST zimejaa Tanga, na injini zake za lita 1.3 na 1.5 ndizo mafundi wanazozijua hata gizani. Hilo si wazo geni: Toyota Japani ilianzisha mwaka 2000 mbio za Vitz peke yake, magari yenye namba za barabarani, mtu anashindana Jumapili na Jumatatu anakwenda nalo kazini. Kenya nao wana mbio za viwanja vya udongo, autokrosi, ambako vigari vya bagi vyenye injini za pikipiki vinakimbia, na wana madaraja mpaka ya watoto. Injini ya pikipiki ni jambo la kufikiria sana katika mji wenye bodaboda nyingi kama huu. Mafundi wapo, spea zipo, na kiwanja cha udongo chenye mzunguko wa nusu kilomita hakihitaji helikopta.

Litabaki swali la udanganyifu, maana mtu atachonga silinda hedi usiku na kuapa kwamba hajaigusa. Lakiri zinavunjwa, koo linasogezwa, hati za bei zinaandikwa upya. Kwenye viwanja vidogo vya Marekani wanatumia kanuni moja ya kihuni ambayo mimi naiona ni ya akili kuliko zote. Bei ya injini inatangazwa kabla ya msimu. Mbio zikiisha, mshindani yeyote aliyemaliza nyuma yako anaweza kuweka kiasi hicho mezani na kuondoka na injini yako, na huna ruhusa ya kukataa. Hakuna vernia, hakuna mkaguzi. Ukiweka milioni tano ndani ya injini yenye bei ya kanuni ya milioni mbili, umemzawadia jirani milioni tatu. Nimewahi kuwaeleza mafundi wawili kanuni hii kijiweni Chumbageni. Mmoja alicheka sana. Wa pili alikaa kimya, akauliza kama bei inajumuisha gia boksi.